Laini Isiyofika Kasenyi

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Musoki alikuwa na kazi zake, na hakuhitaji kukumbushwa. Alichota maji kwenye bomba la mtaa wao wa Nyakasanza, akafagia ua, akawasha makaa, kisha akamwogesha mdogo wake Dany, ambaye hakuyapenda maji hata kidogo na wala hakuona haya kuwatangazia majirani.

Mama yao, Joséphine, aliuza samaki katika soko la Bunia. Mara moja kwa juma aliteremka na gari la mizigo hadi Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, akalala kwa rafiki yake Mama Fanny, na kesho yake akarudi na vikapu vyake vimejaa. Siku hizo jirani yao, Mama Dorothée, alikuja kulala na watoto. Baba yao, Kule, alichimba dhahabu upande wa Kilo, na alipatikana kwenye simu Jumapili tu.

Familia ilikuwa na simu mbili ndogo, moja ya mama na moja ya nyumbani, zote za mtandao wa Daraja. Mtandao huo ulikuwa wa kuaminika, lakini ghali. Ulipotaka kusalimia, kuuliza habari na kuaga, mara nyingi uliishia kwenye kuuliza habari. Kwa hiyo mama na watoto walizoea kubipu. Mama alipofika Kasenyi jioni, alibipu mara mbili na kukata, na nyumbani wote wakajua kwamba amefika salama. Hakuna aliyelala kabla ya bipu hizo.

Kisha mtandao mpya ukaingia mjini. Uliitwa Tuseme, na ulikuja na kofia za njano, spika kubwa kwenye rompwe, ule mzunguko wa barabara katikati ya mji, na bei ambayo ilimfanya kila mtu asimame. Tuseme kwa Tuseme, mchana kutwa, mlizungumza bure. Wenye simu kubwa walipewa na mega za kutazama video. Tina, rafiki wa Musoki, alikuwa na dada mkubwa mwenye simu kubwa, na darasa zima liliongea habari za Tuseme tupu.

"Mama, tuhamie Tuseme," Musoki alisema Ijumaa jioni. "Utaongea na siye bure, hata saa nzima."

Mama alikuwa akipaka samaki chumvi. "Bei ni muzuri, sikatai. Lakini miye nateremukaka Kasenyi kila juma. Rezo yao, ule mutandao, inafika kule? Kesho uende uulize bamama ya samaki. Beye njo banajua."

"Nitauliza, mama."

Alikusudia kuuliza kweli. Lakini Jumamosi, njiani kuelekea soko la samaki, alipita kwenye rompwe, na pale chini ya mwavuli wa njano alikuwa amekaa muuzaji wa laini za Tuseme, akitabasamu kana kwamba alikuwa akimngoja yeye tu. Musoki alimuuliza kuhusu Kasenyi.

"Rezo yetu iko fasi yote, kila pahali," alijibu yule kijana bila hata kuinua macho.

Jibu hilo lilikuwa jepesi mno, na Musoki alilihisi. Kwa hiyo akabuni jaribio lake mwenyewe. Papa Gauthier, dereva wa gari la Kasenyi, alikwisha kuhamia Tuseme. Musoki alimwomba muuzaji simu, akapiga.

"Allô, niko, ongea," sauti ya Papa Gauthier ilijibu.

Musoki alikaribia kuruka kwa furaha. Lakini nyuma ya sauti ile alisikia muziki. Ulikuwa wimbo uleule uliokuwa ukipigwa na spika ya Tuseme pale alipokuwa amesimama. Sikio la kulia liliusikia kutoka kwenye spika, la kushoto likausikia ndani ya simu. Papa Gauthier hakuwa Kasenyi. Alikuwa hapohapo mjini, pengine ng'ambo ya barabara, akipakia mizigo.

Angeweza kumuuliza: "Papa, uko wapi? Ukifika ziwani simu hii inasikia?" Maswali mawili tu. Badala yake alikata simu haraka, na soko la samaki hakwenda tena. Msomaji, usimtetee. Alijua.

"Umeuliza?" mama alimuuliza aliporudi.

"Nimejaribu kabisa, mama. Nimepigia Papa Gauthier wa gari ya Kasenyi, na ameitika."

Kila neno lilikuwa la kweli, na yote pamoja yalikuwa uongo. Mama alifurahi, akatoa pesa, na Jumatatu simu zote mbili zilikuwa na laini za Tuseme.

Jumanne mama aliondoka. Jioni ile bipu hazikuja. Mama Dorothée alitazama simu, akatikisa kichwa, akasema labda gari lilichelewa. Moyo wa Musoki ulikuwa umeanza kumwambia habari ambazo hakutaka kuzisikia.

Dany alikuwa na kikohozi tangu Jumapili, kikohozi cha kawaida cha vumbi, walidhani. Jumatano asubuhi aliamka mwili ukiwaka. Alikataa uji. Alipumua harakaharaka, na kila alipovuta pumzi ngozi ilizama katikati ya mbavu zake. Alipopelekewa maji ya kuoga hakupiga kelele, na kimya hicho ndicho kilichomtisha Musoki kuliko homa yenyewe.

"Lete kitenge," alisema Mama Dorothée. "Tunaenda."

Katika kituo cha afya cha mtaa, muuguzi aliyeitwa Madame Lydie alimpima mtoto kifua, akasikiliza mbele na nyuma, na uso wake ukabadilika.

"Ni mapafu," alisema. "Dawa inapaswa kuanza sasa hii, haina ya kungoja." Akavuta dawa kwenye bomba la sindano.

Ndipo Musoki akakumbuka jambo. "Madame, tafazali, ngoja. Zamani, Dany alipokuwa mudogo sana, alilazwa Nyankunde. Walimupiga sindano, uso ukavimba, akakosa pumzi. Mama anasemaka dawa ile asipewe tena kamwe."

Madame Lydie aliiweka sindano chini polepole. "Dawa gani?"

"Sijui jina yake. Mama njo anajua."

"Sikiliza, mutoto wangu," alisema muuguzi kwa sauti ya chini. "Hapa niko na dawa mbili tu za ugonjwa huu. Moja inaweza kumuponya. Ingine, kama njo ile, inaweza kumuua. Miye siwezi kubahatisha. Piga simu kwa mama yako."

Musoki akapiga. Sauti tamu ya mwanamke ikamwambia kwamba nambari hiyo haipatikani. Akapiga tena, na tena. Mwanamke yule hakuchoka kumwambia. Madame Lydie naye alimpigia mwenzake wa Nyankunde. Huko walisema watatafuta katika faili za zamani, lakini hawakujua watazipata lini. Juu ya kitanda, Dany alivuta pumzi kwa shida, midomo yake ikianza kupoteza rangi.

"Labda betri ya mama imekufa," alisema Mama Dorothée. "Tungoje kidogo, ataiweka kwa umeme."

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kutorokea. Musoki angeitikia tu, "Ndiyo, ni betri," na hakuna ambaye angemlaumu. Wote wangekaa na kungoja betri. Akamtazama mdogo wake, akaona kwamba yeye hana muda wa kungoja uongo mwingine.

"Si betri," alisema. "Rezo ya Tuseme haifiki Kasenyi. Miye nilijua jaribio yangu haikuwa ya kweli, na nikamuacha mama aamini inafika. Hata tungoje mpaka usiku, mama hatapatikana."

Madame Lydie hakupoteza muda kwa kushangaa. "Basi nani anaweza kufikia Kasenyi?"

"Bamama ya samaki," Musoki alisema, na tayari alikuwa mlangoni.

Alikimbia hadi sokoni, vumbi jekundu likimpanda hadi magotini. Wauza samaki walikuwa wamekaa nyuma ya meza zao, na katikati yao Mama Adèle, mkubwa wao, mwanamke mwenye sauti iliyotosha kuuza samaki bila simu. Musoki alisimama mbele yao wote. Hakukuwa na njia ya kusema jambo lile kwa siri, akalisema lote: ugonjwa, sindano, Tuseme, Papa Gauthier, na ule wimbo katika masikio mawili.

"Tuseme?" Mama Adèle alisema. "Tuseme inaishia pale mulima inaanza kuteremuka. Hata mbuzi ya Bogoro inajua ile. Siye wote hapa tunalipa bei ya Daraja, unafikiri tunapenda? Kwa nini haukukuja kuuliza siye?"

"Niliogopa mutasema haifiki."

Wanawake walitazamana. Ungetarajia kicheko, lakini hakuna aliyecheka. Mama Adèle alikuwa amekwisha kuchomoa simu kifuani na kutafuta jina la Mama Fanny.

Simu iliita hadi ikakatika bila kujibiwa. Akapiga tena. Musoki aliuma kidole chake. Mara hii Mama Fanny alipokea, upepo wa ziwani ukivuma ndani ya simu.

"Fanny, Joséphine iko wapi?"

"Iko kwa mitumbwi, kule mbali, wanapima samaki."

"Kimbia umwite. Mutoto wake iko kwa hatari. Hapana kukata simu."

Wakangoja. Walisikia nyayo za Mama Fanny kwenye mchanga na sauti yake ikiita. Inite, lile salio la simu, zilikuwa zikiyeyuka, na mwanamke wa meza ya jirani, bila kuambiwa, alikuwa akiandaa simu yake ya Daraja endapo ya kwanza ingekatika. Hatimaye sauti nyingine ikaingia, ikihema.

"Musoki?"

"Mama, Dany iko mugonjwa wa mapafu. Dawa ile ya Nyankunde, inaitwa je?"

"Ampisiline," mama alisema papo hapo, kama mtu ambaye amelibeba neno hilo miaka yote. "Hapana kumupa ampisiline, wala dawa yoyote ya ukoo wa penisiline. Musoki, iko muzima? Niambie."

Lakini Mama Adèle alikuwa amesimama na kufunga kitenge chake. "Hatutabeba jina ya dawa kwa kichwa ya mutoto mwenye woga," alisema. "Nakwenda na simu. Muuguzi asikie kwa kinywa ya mama." Akasimamisha pikipiki, akampandisha Musoki, akapanda nyuma yake, akaacha samaki wake mikononi mwa wenzake.

Madame Lydie aliongea na mama moja kwa moja. Aliuliza, akasikiliza, akauliza tena. Kisha akarudisha simu, akaichukua ile sindano aliyokuwa ameiandaa asubuhi na kuitupa kwenye ndoo ya takataka.

"Njo hii nilikuwa nayo mukononi," alisema.

Musoki aliketi chini sakafuni. Alilia bila kujificha. Muuguzi alimpiga Dany sindano ya dawa nyingine, kisha akakaa karibu naye akimtazama. Saa zilipita polepole. Mchana mbavu zilikuwa bado zinazama. Alasiri zilizama kidogo. Jua lilipoanza kushuka, Dany alifungua macho, akamwona Mama Dorothée akija na kitambaa chenye maji, akanung'unika kwamba hataki kuoga. Mama Dorothée akashukuru Mungu kwa sauti.

Mama alifika jioni ile kwa gari la kwanza alilolipata, bila samaki hata mmoja. Alimshika Dany paji la uso, akasikiliza pumzi zake kwa muda mrefu. Kabla hajauliza chochote, Musoki alimweleza mwenyewe, tangu rompwe hadi sokoni, bila kujiondolea kosa.

Mama alimfunika Dany kitenge kwanza. Musoki angependelea kugombezwa.

"Nilipofika ziwani simu haikuwa na rezo," mama alisema mwishowe. "Nikafikiri itarudi tu, mutoto wangu alijaribu. Nikaenda kwa mitumbwi na roho yangu imetulia. Haukuniuzia laini mubaya, Musoki. Uliniuzia roho kutulia, na haikuwa ya kweli."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza muzuri." Mama alimketisha kando yake. "Kutafuta bei ya chini si kosa. Siye ni batu ya soko, tunaishi kwa ile. Wahenga walisema rahisi ni ghali, lakini si kila siku. Rahisi inakuwa ghali pale mutu anaogopa kuuliza inamufikisha wapi. Kabla ya bei, uulize kazi. Simu yangu kazi yake ni kunifikisha kwenu nikiwa mbali. Kama haiwezi ile, hata wakinipa bure, ni hasara."

"Basi turudishe zote Daraja?"

"Hapana. Tupime. Simu ya nyumbani haitoki Bunia. Hapa Tuseme inasikia muzuri na bei yake inatusaidia, ibaki. Yangu irudi Daraja, na ile pesa ya zaidi nitailipa bila kunung'unika." Mama alifikiri kidogo. "Juma lijalo pengine nitapita Tchomia kwanza. Daraja inasikia na Tchomia, si vile?"

Jibu lilikuwa tayari limefika ulimini mwa Musoki. Tchomia na Kasenyi ni majirani, bila shaka mtandao unafika, na mama alikuwa amechoka, angefurahi kusikia ndiyo.

"Sijui, mama," alisema. "Kesho nitauliza bamama ya samaki."

Mama alimvuta karibu hadi kichwa chake kikaegemea begani mwake.

"Jibu kama ile," alisema, "kama ungenipa Jumamosi, ningelilipia bei yoyote."