Kisima Kimetiwa Dawa

Zipora alikuwa mtu wa kuota mchana. Aliota akipepeta mtama, aliota akifua, aliota hata akiwa na ndoo kichwani. Mume wake, Jilala, hakuacha kumtania.

"Mama Nelly, siku moja utaipita nyumba yako ufike Geita, na bado hujashtuka."

"Nikifika nitakuletea dhahabu," Zipora alimjibu. "Wewe unachimba kila siku na huleti kitu."

Waliishi Ikolongo, kitongoji kidogo si mbali na machimbo ya Mwakitolyo. Mwaka ule wa 1997 mvua zilikuja kwa wingi. Kila asubuhi ukungu ulilala juu ya majaruba ya mpunga. Kengele za ng'ombe zilisikika kabla ng'ombe wenyewe hawajaonekana. Mtu akitembea katika ukungu ule, si rahisi kujua kama ameamka au bado yuko kitandani. Zipora alizipenda asubuhi hizo kuliko kitu chochote.

Lakini mvua ile ilileta na kipindupindu. Kilianzia machimboni, ambako watu ni wengi na vyoo ni vichache. Redio ilikitaja kila jioni. Watu walisikiliza, wakatikisa vichwa, kisha wakaenda kulala.

Asubuhi moja Zipora alikwenda kisimani na binti yake Nelly, mtoto wa miaka minne. Aliwakuta wanawake wamesimama na ndoo tupu. Hakuna aliyekuwa anateka. Wote walitazama karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya kisima.

"Mwangaluka," Zipora aliwaamkia.

"Mwangaluka. Afadhali umekuja," alisema Ghati, jirani yake, mke wa mchimbaji kutoka Tarime. "Jana tulipokuwa shambani lilikuja gari jeupe. Watu wake wamebandika hii. Wewe umesoma kisomo. Tusomee."

Zipora alijisikia vizuri. Alikuwa amejifunza kusoma akiwa mtu mzima, na kila neno alilolisoma bado lilimpa furaha. Alisogea karibu. Aliweka kidole chini ya herufi, akasoma kwa sauti:

"KISIMA KIMETIWA DAWA."

Hapakuwa na neno jingine. Kutoka ndani ya kisima ilipanda harufu kali kidogo, harufu ambayo hawakuizoea.

"Bugota," mama mmoja alisema polepole. Kwa Kisukuma bugota ni dawa. Ni dawa ya kutibu, lakini pia ni dawa ya kuloga. "Nani ametia bugota kisimani kwetu? Tumemkosea nini?"

"Labda ni dawa ya hospitali," Zipora alisema.

"Dawa ya hospitali anapewa mgonjwa," Ghati alijibu. "Kisima kinaumwa?"

Zipora aliisoma karatasi tena, lakini ilisema vilevile. Basi wanawake wakageuka, wakaenda lamboni, pale ng'ombe wanapokunywa. Zipora aliwafuata. Maji ya lambo yalikuwa ya rangi ya udongo, lakini hayakuwa na harufu ya dawa.

Jioni Jilala alirudi kutoka kwenye duara, yaani shimo wanalochimba dhahabu. Zipora alimweleza habari ya karatasi. Jilala aliacha kunawa.

"Dawa?" aliuliza. "Unajua sisi tunaita nini dawa kule machimboni? Zebaki. Ile inayokamata dhahabu. Ile ni sumu, mke wangu. Usimpe mtoto maji yale hata tone."

"Nimeteka lamboni."

"Umefanya vizuri."

Redioni waliambiwa wachemshe maji ya kunywa. Lakini kuni zilikuwa zimelowa, na moshi ulijaa nyumba nzima. Zipora alipika ugali tu. Maji ya kunywa aliyaacha yatulie, tope likashuka chini. Juu yalionekana safi. Nelly alikunywa kikombe kizima, akalala.

Usiku wa siku ya tatu Nelly akaanza kuharisha. Choo chake kilikuwa maji matupu, meupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Kisha akatapika. Asubuhi ilipofika macho yake yalikuwa yameingia ndani na mikono yake ni ya baridi. Zipora aliogopa sana. Jilala alimbeba mtoto mgongoni, wakaenda mbio hadi kambi ya matibabu.

Kambi ilikuwa kwenye ghala la zamani la pamba. Vitanda vilipangwa mstari. Nyuzi za pamba bado zilining'inia kwenye kuta, na upepo ukipita zilicheza polepole. Nelly alitundikiwa dripu. Zipora aliketi chini akatazama zile nyuzi nyeupe. Alitamani awe anaota. Safari hii alijua kwamba haoti.

Mwanamke mmoja aliyevaa kofia ya mvua alikuja na jagi. Jina lake lilikuwa Bernadina. Alikuwa afisa wa elimu ya afya kutoka wilayani.

"Shikamoo," Zipora alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mtoto anapata nafuu. Angalia, ameanza kukojoa. Sasa mnyweshe haya, kidogo kidogo. Ni pakiti moja ya chumvi maalumu ndani ya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Yanarudisha maji aliyoyapoteza mwilini."

Zipora alimnywesha Nelly kwa kijiko. Bernadina hakuondoka. Alivuta kigoda akaketi.

"Wagonjwa wengi wa juzi na jana wametoka Ikolongo," alisema. "Na kisima cha Ikolongo tulikisafisha. Nimeshindwa kuelewa. Ninyi mnakunywa maji gani?"

"Ya lambo."

"Kwa nini? Hamkuona tangazo?"

"Tuliliona," Zipora alisema. Machozi yalimtoka. "Mimi ndiye niliyelisoma. Lilisema kisima kimetiwa dawa. Ndiyo sababu tulikimbia."

Alimweleza yote: bugota, zebaki, harufu. Bernadina alisikiliza mpaka mwisho. Alivua kofia yake akaishika magotini.

"Wewe ulisoma sawasawa," alisema. "Waliokosea ni sisi tulioandika. Neno hilo lilipigwa chapa mjini, mezani, na watu wanaojua dawa maana yake ni klorini. Hakuna aliyewasomea watu wa huku kwanza."

"Klorini ni nini?"

"Ni kitu kinachoua vijidudu vya kipindupindu ndani ya maji. Hata maji ya bomba ya mjini hutiwa. Haina uhusiano na zebaki, wala na uchawi. Kiasi tunachotia hakimdhuru mtu. Kinaacha harufu kidogo tu."

Jilala alikuwa amesimama kando. Alikohoa.

"Basi mama, mngesema hivyo tangu mwanzo."

"Kweli kabisa, baba. Kazi ya timu yetu ni hiyo. Kila asubuhi tunapokea taarifa za kambi zote kwa redio ya upepo. Tunakubaliana ujumbe mmoja. Huo huo ndio unaokwenda redioni, kwenye gari la kipaza sauti na kwenye karatasi. Watu wasisikie hili hapa na lile kule. Lakini ujumbe mmoja usioeleweka ni hasara moja kubwa."

Akamgeukia Zipora.

"Mama Nelly, kama ungekuwa wewe, ungewaambiaje wenzako?"

Zipora hakuwahi kuulizwa swali kama hilo. Alimtazama binti yake, akafikiri.

"Ningewaambia kwanza kwamba maji ni salama," alisema. "Dawa nisingeitaja kabisa."

Mchana Nelly alipolala usingizi mzuri, Jilala alibaki naye. Zipora na Bernadina walikwenda kwa gari hadi dukani kwa Mama Hozefa. Jina lake hasa lilikuwa Dhanbai. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa Nyahanga, Kahama, na Kisukuma chake kiliwashinda hata Wasukuma wengine. Ukuta wa duka lake ulikuwa mweupe kwa chokaa, na kando yake zilianikwa shuka alizozifua kwa jiki. Ulikuwa umejaa matangazo ya kila namna, na mengi yalikwisha kuchanika.

"Huu ukuta wangu umekuwa kanzu ya viraka," Mama Hozefa alilalamika. "Hapa wanasema chanjo ya ng'ombe ni kesho. Kesho gani? Tangu mwaka juzi ni kesho."

Bernadina alicheka. Kisha aliomba boksi tupu, akalipasua, wakaandika upande wake wa ndani. Ghati alikuwa pale dukani akinunua sabuni. Bernadina alimwomba asikilize. Zipora akasoma:

"Maji ya kisima cha Ikolongo ni salama. Watu wa afya wameua vijidudu vya kipindupindu vilivyokuwa ndani yake. Mnaweza kuyanywa."

"Sasa dada," Bernadina alimwambia Ghati, "tueleze kwa maneno yako. Umeelewa nini?"

"Nimeelewa kwamba mnataka turudi kisimani," Ghati alijibu. "Lakini ile harufu? Mbona hamuisemi? Mtu akificha harufu, anaficha na kingine."

Bernadina na Zipora walitazamana. Ghati alisema kweli. Wakaongeza: "Mtasikia harufu kidogo. Ni ya kile kilichoua vijidudu. Haidhuru mtu." Wakamsomea tena. Ghati alilirudia lote kwa maneno yake mwenyewe, na safari hii hakukosea.

"Bado kitu kimoja," Bernadina alisema. "Tarehe, na jina la aliyeandika. Tangazo lisilo na tarehe ni uji wa juzi. Ukiutazama ni uji, lakini tumbo litakueleza."

Waliandika tarehe. Mama Hozefa alileta ndoo na kisu, wakayabandua matangazo yote ya zamani. Karatasi ya KISIMA KIMETIWA DAWA ilikuwa imebandikwa na hapo pia, nayo waliibandua kwanza. Ukuta ukabaki na tangazo moja tu. Jingine kama hilo walilibandika kisimani, mahali pa ile karatasi ya kwanza.

Bernadina alimpa Zipora kipaza sauti cha gari.

"Mimi?" Zipora aliuliza.

"Walisikia la kwanza kutoka kwako. Na hili walisikie kutoka kwako, kwa Kisukuma."

Gari lilitembea polepole katikati ya mashamba. Mvua ilikuwa imekatika na mwanga wa jioni ulikuwa wa njano. Sauti ya Zipora ilitoka nje, ikapita juu ya majaruba, ikaenda hadi vilimani. Yeye mwenyewe aliisikia ikirudi. Ilikuwa sauti tulivu, na kwa muda alisahau kwamba ni yake. Watu waliacha majembe wakasikiliza. Alisema maji ni salama. Alisema wanawe mikono kwa sabuni wakitoka chooni na kabla ya kula. Alisema anayeharisha apelekwe kambini mara moja, asisubiri.

Kesho yake Nelly aliruhusiwa kurudi nyumbani. Asubuhi iliyofuata Zipora alikwenda naye kisimani. Ukungu ulikuwa palepale. Wanawake walikuwa palepale pia, na ndoo zao tupu.

"Tumekusikia," alisema yule mama aliyetaja bugota. "Lakini kusema ni rahisi."

Zipora alishusha ndoo, akateka. Alichota kikombe akanywa chote. Wanawake walimtazama. Hapo Nelly akavuta kanga yake.

"Mama, na mimi."

Kunywa mwenyewe lilikuwa jambo moja. Kumpa mtoto aliyetoka jana kambini lilikuwa jingine. Alikumbuka zile nyuzi za pamba ukutani. Alikumbuka pia kila neno walilolipima mbele ya Ghati. Akachota kikombe cha pili akampa.

Nelly alinusa. Alikunja pua.

"Yananuka kama shuka za Mama Hozefa," alisema, kisha akanywa.

Mtu mmoja alicheka, halafu wote. Ghati alikuwa wa kwanza kushusha ndoo yake. Siku zilizofuata Ikolongo haikupeleka tena wagonjwa wapya kambini. Kila jambo lilipobadilika Bernadina alileta tangazo jipya. Zipora alilisoma kwa majirani kabla halijabandikwa, nao walimweleza walichoelewa. Hata wasiojua kusoma walizoea kumuuliza, "La tarehe gani hilo?"

Mvua zilikwisha na kipindupindu kikaondoka. Siku moja Bernadina alileta karatasi ya mwisho. Ilisema ugonjwa umekwisha, na kuanzia siku ile kisima hakitatiwa tena klorini. Kila nyumba ichemshe maji yake ya kunywa.

Zipora aliibandika kisimani; la dukani Bernadina alikwisha kulibadili. Kisha alinyoosha mkono kwenye lile tangazo lao la kwanza, la boksi, ambalo jua lilikuwa limelifubaza.

"Liache hilo," Jilala alimwambia. "Ni maneno yako. Yamewaokoa watu."

Zipora alilitazama. Alilipenda sana. Lilikuwa jambo la kwanza alilowahi kuandika na watu wakalisoma.

"Linasema maji ni salama kunywa," alisema. "Jana lilisema kweli. Leo kuna mtoto wa mtu atakunywa kwa sababu yake."

Akalibandua, akaenda nalo nyumbani. Kuni zilikuwa kavu sasa. Alilikunja lile boksi, akaliweka chini ya kuni, akaliwasha. Nelly aliketi kando yake akitazama moto. Zipora hakuota kitu. Alisubiri mpaka maji ya binti yake yakachemka.