Hodi ya Chumba cha Mwisho

Hodi ilipigwa, Mama Shuka akaitikia. Kosa lote ni hilo, usitafute jingine.

Mama Shuka alikuwa mtandika vitanda katika jumba la wafalme wa zamani lililogeuzwa hoteli. Jumba kubwa hilo, panya akizaliwa jikoni anazeeka kabla hajafika ghorofani. Wageni walimiminika kutoka pembe zote za dunia, wakapiga picha ukuta, wakapiga picha mlima, wakapiga picha hata kufuli la choo, kisha wakalala pale mfalme alipokoromea. Kila aliyelala aliacha shuka, na kila shuka lilimngoja Mama Shuka. Mgongo ulimuuma mpaka kivuli chake nacho kilitembea kimeshika kiuno.

Chumba cha mwisho hakikupangishwa. Wageni walikitazama tu, kwa sababu kitanda cha mke wa mfalme kilikuwa kipo vilevile, basi nacho kilitandikwa kila siku. Wafanyakazi walikuwa na sheria moja: ukiwa humo ndani, ukisikia hodi, nyamaza. Mwenye haja ya kweli ataingia bila kubisha.

Mchana mmoja, jua linachoma hata vivuli, Mama Shuka alimaliza kufuta vumbi akakaa ukingoni mwa kitanda. Nivute pumzi kidogo, alijiambia. Kichwa kikajiangukia chenyewe juu ya mto wa kitanda. Katikati ya usingizi akasikia, "Hodi." Sauti ya upole kabisa. Na mtu aliyelelewa akalelewa, atafanyaje? Mdomo ulitangulia akili.

"Karibu."

Mlango haukufunguka. Godoro likabonyea upande wa pili.

Alitoka mbio, miguu ikafika jikoni kwanza, mwenyewe akafuata baadaye.

Kesho yake alikuta vyumba vyote vimeshatandikwa, mashuka yamebanwa, ukiyagusa yanalia kama ngoma. Kulikuwa na harufu ya nguo mbichi iliyounguzwa na pasi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alijichukulia jembe mwenyewe siku ya kwanza. Mama Shuka alijua fika hiyo si kazi ya binadamu. Lakini mchovu hachagui msaidizi. Akakaa, akanywa chai, akanyoosha miguu, akanyamaza. Siku zikapita hivyo.

Nyumbani alikuwa na mama yake, mzee aliyepooza miguu, kitandani miaka na miaka. Ndiye mtu pekee aliyembakia duniani.

"Mgeni wako ana adabu," mama alinong'ona jioni moja.

"Mgeni gani, mama?"

"Huyo anayekuja nyuma yako. Ananifunika shuka. Ila anabana, mwanangu. Leo amebana mpaka kifuani, pumzi inapita kwa shida."

Asubuhi Mama Shuka alikuwa kwa Dobi, mzee aliyepiga pasi pale hotelini tangu chuma hakijajua moto. Dobi alinusa mara moja tu, akaweka pasi chini.

"Umemwitikia?"

"Nilikuwa usingizini, kaka."

"Wewe dada, hata usingizini una adabu! Sasa sikiliza. Mgeni hafukuzwi, anasindikizwa. Tembea naye mpaka chumba kile, usigeuke. Ukifika, hodi piga wewe. Akisema karibu, amerudi kuwa mwenyeji. Usiingie. Nenda zako."

"Na nisipompeleka?"

Dobi aliangalia chini. "Amechoka ugeni. Atataka kitanda cha mtu."

Mama Shuka akapanda ngazi za hoteli, na nyuma yake kitu kikapanda, taratibu, kama shuka lililolowa linaloburutwa, na kila alipotua kikatua, na ile harufu ikamlamba shingo, naye akaenda hivyohivyo akipapasa ukuta, akisema mama, mama, mama, mpaka mlango wa mwisho.

"Hodi," alisema.

Kisha, kutoka ndani:

"Karibu, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya mama yake.

Akashuka ngazi bila kuzigusa, akapita kwa Dobi bila kumwona, akakimbia njia nzima na aproni kiunoni, watu wakidhani hoteli inaungua, akaingia kwake, na kitanda cha mama kilikuwa kimetandikwa, kimebanwa pande zote, mto umepigwapigwa ukakaa sawa, na juu yake hapakuwa na mtu.

Mlango ukajifunga nyuma yake. Akaketi pale ukingoni mwa kitanda avute pumzi.

"Hodi," ikasema sauti nje. "Mwanangu, nimetembea njia nzima. Nimechoka."

Miguu ya mama ilikuwa haijakanyaga sakafu miaka mingapi? Mama Shuka aliuma ngumi. Akinyamaza na kama ni mama kweli, je? Akiitikia na kama siye?

"Hodi, mwanangu."

Na mdomo wake, mtiifu tangu utotoni, ukaanza kufunguka.