Abiria wa Mwinuko

Rafiki yetu Mageni hubeba abiria kwa baiskeli, na si mtu wa kutunga. Jioni hiyo alikwenda ng'ambo ya mlima kumchukua mama yake mgonjwa, amkimbize zahanati. Barabara ile ya changarawe imefungwa kwa magari, kwa usalama. Wa nani, kibao hakisemi.

Keria ilikuwa tupu, lakini baiskeli ilikuwa nzito. Akadhani tairi limepungua upepo. Kwenye mwinuko, pale abiria waungwana hushuka watembee, ikawa nyepesi ghafla, na nyuma yake gizani nyayo zikaanza kukwaruza changarawe. Kileleni zikanyamaza. Keria ikalia, uzito ukarudi. Mageni hakugeuka.

Alipofika akamshika mama mkono ampakie. Mama akasita.

“Mwanangu, mwambie mwenzio ashuke kwanza, nikae.”