Wimbo Ulioshuka Shimoni

Kila siku kengele ya saa nne ilipolia, wanafunzi wote wa shule yetu ile ya karibu na machimbo ya dhahabu ya Masara walikimbilia uwanjani kucheza. Wote isipokuwa Scovia. Yeye alielekea darasa la chekechea, akiburuta miguu kama mtu anayepelekwa kudungwa sindano.

"Mwalimu wa siafu!" rafiki yake Risper alimpigia kelele. "Wasalimie wanafunzi wako!"

"Siafu wana adabu," Scovia alijibu bila kugeuka. "Hutembea kwa mstari."

Scovia alikuwa wa darasa la saba, na ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya shule. Mwalimu Phelesia, mwalimu wa chekechea, alipokwenda Homa Bay kwa mafunzo ya walimu, kina mama walipokezana kuwatunza watoto darasani. Lakini kazi ya wimbo alimwachia Scovia. Ulikuwa wimbo mmoja tu wa beti mbili, wa kunawa mikono, utakaoimbwa kwenye tamasha la muziki mjini Migori.

Wimbo huo haukuwa mchezo kwa Mwalimu Phelesia. Mwaka uliotangulia watoto wa chekechea walipanda jukwaani, mmoja akalia, na wote wakamfuata. Walilia hata inasemekana ng'ombe wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania, waligoma kutoa maziwa jioni ile. Mwalimu Mkuu, Bwana Werema, aliapa kwamba chekechea hawatapanda tena jukwaa lolote mpaka awasikie kwa masikio yake mwenyewe. Mwalimu Phelesia alikuwa amembembeleza mwaka mzima.

Scovia alifundisha alivyofundishwa. Katika kwaya ya shule mtu alisimama wima, mikono nyuma, kidevu juu, macho kwenye fimbo ya kiongozi. Aliyetikisika alitolewa. Kwaya hiyo ilisimama imara kiasi kwamba siku moja kunguru alitua juu ya kichwa cha mwimbaji wa sauti ya nne akidhani ni nguzo, na mwimbaji akamaliza wimbo.

"Simameni! Mikono nyuma!" Scovia aliamuru. "Do, re, mi!"

"Do, re, mi," waliitikia watatu. Wengine walikuwa chini ya meza.

"Cliff, toka huko! Nchagwa, acha kugonga ukuta! Mellen, mbona umeketi?"

"Aol," alisema Mellen, msichana mdogo kuliko wote, akijinyoosha sakafuni kama bibi aliyetoka kupalilia. Kwao neno hilo maana yake nimechoka. Na uchovu ule uliambukiza upesi kuliko surua. Kufumba na kufumbua, darasa zima lilikuwa limelala chini likisema, "Aol! Aol!"

Scovia alipiga meza kwa fimbo mpaka fimbo ikakatika. Mambo yakawa hayo hayo, siku baada ya siku.

Jumanne jioni Mwalimu Phelesia alirudi. Scovia alimkuta mlangoni pa ofisi akizungumza na Mwalimu Mkuu, mfuko wa safari ungali begani.

"Scovia, mwanangu! Watoto wangu je? Wimbo wameushika?"

Scovia alimtazama mwalimu, akamtazama Bwana Werema. Alifikiri jinsi watakavyomwona, yeye wa sauti ya kwanza, aliyeshindwa na watoto wanaofutwa makamasi.

"Wameushika kabisa, Mwalimu. Wameiva."

"Si nilikuambia, Mwalimu Mkuu?" Mwalimu Phelesia aling'aa kwa furaha. "Wameiva!"

"Vyema," alisema Bwana Werema. "Ijumaa asubuhi nitakuja kuwasikia. Wakiimba, waende Migori. Wasipoimba, Mwalimu, tusizungumze tena habari hii."

Usiku huo Scovia aliamua kuwaivisha kwa nguvu. Jumatano alifika mapema, kabla ya Mwalimu Phelesia, akawapanga watoto ukutani kama matofali. Alipofika "re," Cliff alimsukuma Nchagwa, Nchagwa akamwangukia Mellen, na mstari wote ukaporomoka. Kilio kilichofuata, nadhani walikisikia hata Rangwe, mbali kule Homa Bay.

"Mimi nimechoka na nyinyi!" Scovia alipiga kelele. "Mmesikia? Nimechoka!"

"Sema aol," Mellen alimshauri katikati ya machozi.

Wakati wa mapumziko Scovia alimkuta Mwalimu Phelesia jikoni, akikoroga sufuria ya uji wa watoto. Alisimama pale akichokoa ukucha.

"Mwalimu, watoto hawajui wimbo."

"Hawajui mahali gani?"

"Hawajui mahali pote."

Mwiko ulisimama ndani ya uji. "Jana ulisema nini mbele ya Mwalimu Mkuu?"

"Nilisema wameiva."

"Na walikuwa wameiva?"

"Walikuwa wabichi, Mwalimu. Hata moto walikuwa hawajauona."

"Yawa, Scovia!" Mwalimu Phelesia alijishika kiuno. "Nimempa Mkuu neno langu! Nimelitoa kwa kinywa changu kwa sababu nilikiamini chako! Sasa Ijumaa nitamwangalia kwa macho gani?"

"Lakini hawakai, Mwalimu!" Machozi ya hasira yalimtoka Scovia. "Nikisema simameni, wanalala. Nikisema laleni, nadhani wataruka! Hakuna binadamu anayeweza kuwafundisha wale!"

Mwalimu aliacha mwiko. Alikuwa amegeuza sikio. Nyuma ya darasa kulikuwa na mlio: ko, ko, ko-ko-ko.

Walizunguka kuangalia. Watoto walikuwa wakicheza machimbo, mchezo ambao kila mtoto wa Masara aliujua kabla ya kujua jina lake kamili. Nchagwa alikuwa mpondaji wa mawe. Alipiga kopo kwa jiwe, naye hakupoteza mdundo hata kidogo. Nyuma yake wengine walitikisa makarai ya kuoshea dhahabu yasiyokuwepo, kushoto, kulia, kushoto, kulia, wote kwa pamoja, kama mama zao kule kwenye mawe. Cliff na wenzake walivuta kamba isiyoonekana kutoka shimoni. Kopo liliponyamaza, wote waliganda kama sanamu. Aliyetikisika alihesabiwa kuwa amefukiwa na mchanga.

"Nani ameshika fimbo pale?" Mwalimu Phelesia aliuliza polepole.

"Hakuna, Mwalimu."

"Na nani anakosea?"

Scovia alimtafuta kwa bidii, maana alitamani sana kumpata. Hakumpata.

"Umewahi kucheza nao?"

"Kucheza? Mwalimu, mimi nilikuwa nafundisha!"

"Ndiyo shida yenyewe." Mwalimu Phelesia alivua viatu. "Huko Homa Bay walituvua viatu sisi wazima, tukarukaruka kama vyura. Nilikasirika siku nzima, kisha nikaelewa. Twende kazini."

Mellen ndiye aliyekuwa bosi wa mgodi. Aliwapima kwa macho. "Mwalimu, wewe ni kamba. Dada Scovia ni ndoo."

"Mimi niwe ndoo?"

"Ndoo haisemi," alisema Mellen.

Nchagwa akaanza kuponda. Mwalimu aliimba, "Nawa mikono, nawa vizuri," na sauti yake ilishuka ngazi kwa ngazi, na watoto wakamshusha Scovia shimoni hadi alipochuchumaa mavumbini na sare yake safi. Kisha, "Maji na sabuni, uchafu kwaheri," na sauti ikapanda, nao wakamvuta juu. Mara ya pili watoto waliimba pia. Huwezi kumvuta mtu juu kwa sauti ya chini. Kila mmoja aliona hivyo bila kuambiwa. Waliimba kwa kunong'ona bosi alipolala, na kwa nguvu dhahabu ilipoonekana.

"Lakini hii ni fujo, Mwalimu," Scovia alilalamika, mchanga puani.

"Funga macho, usikilize."

Alifunga. Kelele ilikuwepo, naam, lakini ndani yake wimbo ulikuwa mzima.

Siku hiyo na Alhamisi Scovia aliteremshwa shimoni mara nyingi kuliko wachimbaji wote wa machimbo ya Osiri. Alikasirika kila mara, na kila mara watoto waliimba vizuri zaidi.

Ijumaa Bwana Werema alifika na tai yake shingoni. Mwalimu Phelesia alimtazama Scovia.

Scovia alipiga hatua mbele. "Mwalimu Mkuu, Jumanne nilikudanganya. Watoto walikuwa hawajui chochote, na Mwalimu hakujua. Wameanza kuimba juzi."

Uso wa Bwana Werema ulikunjamana. "Kwa hiyo nimekuja kusikia wimbo wa juzi?"

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

"Basi niusikie."

Nchagwa aliponda. Watoto walishuka, wakatikisa, wakavuta, wakaimba ubeti wao mpaka mwisho, na kopo liliponyamaza hata inzi hakuthubutu kutembea. Hakuna aliyelia.

"Mbona hawasimami kwenye mstari?" alinung'unika Bwana Werema. Lakini kiatu chake cha kulia kilikuwa bado kinagonga chini. "Na ubeti wa pili? Mnaujua?"

"Tunaujuaaa!" watoto waliitikia kwa furaha.

Bwana Werema alimgeukia Scovia. Ingekuwa rahisi sana kukubali kwa kichwa tu.

"Hawaujui, Mwalimu Mkuu," alisema Scovia. "Hawajafundishwa hata neno moja."

Bwana Werema akacheka kidogo kwa pua. "Tamasha ni baada ya wiki mbili. Uliyoniambia leo nayaamini, basi nitaamini pia kwamba utaumaliza. Wataenda Migori."

Alipoondoka, watoto walirukaruka mpaka vumbi likaficha ubao. Mwalimu Phelesia alimvuta Scovia kando.

"Sikiliza, mwanangu. Mtoto mdogo hujifunza kwa miguu na mikono kabla ya kujifunza kwa masikio. Ukimfunga mwili, umemfunga na sauti. Hilo hukulijua, na kutojua si kosa. Kosa lilikuwa kuficha kwamba umeshindwa. Siku uliyonificha sikuweza kukusaidia. Siku uliyoniambia, tulianza kazi saa ile ile. Ukishindwa, sema mapema, maana hakuna mtu awezaye kukushika mkono uliouficha nyuma."