Kabuti Juu ya Kuni

Siku Mahadhi alipotumwa mitumba, soko la Kilifi lilikuwa limefurika watu. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha alfajiri, matope yamekanyagwa hata yakawa kama uji, na wauza nguo wamepanda juu ya meza zao wakipiga makofi na kuita wateja kwa sauti zilizokauka. Mahadhi alipita katikati yao amekunja miguu ya suruali, shati lake jeupe limepigwa pasi likanyooka. Alikuwa kijana wa Mambrui, mtu wa kujisikia. Hata akienda kununua kiberiti, huvaa.

"Kaka wa shati jeupe! Mbona wazishika nguo zangu kama zina upupu?"

Aliyesema hayo alikuwa msichana aliyekaa juu ya robota la nguo, dera la manjano mwilini, mtandio umeteleza hadi mabegani, hina ikianza kufifia vidoleni. Macho yake yalicheka kabla ya mdomo. Mahadhi akasahau bei aliyokuwa akiihesabu kichwani.

"Natafuta suruali na shati. Kuukuu. Za mtu mzima."

"Kuukuu? Watu huja hapa wakitaka mpya kwa bei ya kuukuu. Wewe wataka kuukuu yenyewe?"

Muuza viatu wa meza ya pili, jina lake Kavumbi, akaangua kicheko. "Ilham, muulize vizuri! Pengine aenda kuchumbia nazo!"

Watu wakageuka kumtazama. Mahadhi alihisi masikio yakimwaka. Ukweli ulikuwa mwepesi: Bwana Oliver, Mwingereza aliyemwajiri kutunza bustani na jenereta kule Mnarani, ng'ambo ya daraja, alitaka nguo za kumvisha mtu wa nyasi, ambaye tarehe tano Novemba angewekwa juu ya rundo la kuni na kuchomwa moto, Wazungu wakimshangilia. Lakini kusema hivyo mbele ya Kavumbi? Mbele ya macho yale? Mdomo ukamtangulia.

"Ni za mzee mmoja tunayeishi naye kazini. Hana mke wala mtoto. Baridi ya mvua hizi inamtesa."

Kicheko kikakatika. Ilham alishuka robotani, akaenda nyuma ya kibanda, akarudi na kabuti zito la rangi ya kahawia, lenye vifungo vya shaba na kiraka kwenye kiwiko.

"Hili haliuzwi," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "La marehemu babangu, Mzee Abdulhadi. Alikuwa bawabu, akilinda ghala usiku. Nguo zake zote tulizitoa sadaka baada ya arobaini, hili peke yake nikashindwa. Mama kila siku aniuliza, litakaa msumarini mpaka lini? Mpe mzee wako. Mwambie amwombee dua babangu, basi. Sitaki kingine."

Hapo ndipo pa kusema. Mahadhi alilijua hilo pale pale. Lakini Kavumbi alikuwa angali anatazama, na msichana alikuwa amekwisha kulikunja kabuti kama anayemlaza mtoto. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Na nambari ya simu?" alimuuliza.

"Ya nini?"

"Nikuletee salamu za mzee."

"Mjanja wewe," Ilham alisema. Akamtajia.

Kutoka siku hiyo simu ya Mahadhi haikupoa.

"Hujambo, habibi?"

"Sijambo. Mzee kaamkaje?"

"Kwanza niulize mimi!"

"Wewe kijana, utalala hata juu ya mawe. Mzee kaamkaje?"

"Kaamka salama. Kabuti alilala nalo."

Ilham angecheka kicheko kirefu cha furaha, na Mahadhi angefumba macho kama aliyekanyaga mwiba. Kabuti lilikuwa limetundikwa stoo, nyuma ya mashine ya kukatia majani; mtu wa nyasi alikuwa amemnunulia suruali na koti bovu kwa muuzaji mwingine. Kila Ijumaa aliazimia kumpa mzee wa kweli pale msikitini, na kila Ijumaa akasita. Mzee yule akiulizwa si atasema amepewa leo? Uongo wake ulitaka mzee aliyelivaa kabuti tangu siku ya soko, na mzee huyo hakuwako duniani.

Jioni walikuwa wakikutana karibu na daraja, wakila viazi karai kwenye karatasi, Ilham katika baibui jeusi lenye taraza ya zambarau, akipuliza pilipili vidoleni.

"Nikwambie kitu, usivimbe kichwa?"

"Kimekwisha kuvimba. Sema."

"Wa kunisifu macho wako wengi, wamejaa pale sokoni. Wa kumvisha mzee asiye wake nimemwona mmoja. Ndiyo nikamwambia mama, akakubali. Watu wako waje Ijumaa hii baada ya swala, wazungumze."

Mahadhi alitaka kupiga kelele mpaka Mambrui wamsikie. Alitaka pia ardhi impasukie. Akaanza kuikunja ile karatasi ya viazi.

"Mbona wakunja karatasi? Hutaki?"

"Nataka, Ilham! Nataka kuliko... nataka."

"Basi kabla ya Ijumaa nataka kumwona mzee."

"Hapendi wageni."

"Mimi si mgeni. Nimemvisha."

"Wiki hii kwa Bwana Oliver kuna sherehe, kuna fujo. Subiri ipite."

"Sherehe gani? Na Wazungu wenyewe Krismasi bado."

"Ya moto. Zamani huko kwao mtu mmoja alificha mapipa ya baruti chini ya bunge, ataka kumripua mfalme. Akakamatwa. Basi kila mwaka siku hiyo wawasha moto mkubwa, warusha fataki, wafurahi kwamba hakufanikiwa."

"Zamani lini?"

"Miaka mia nne."

"Mia nne! Na hawajamsamehe?" Ilham alimgonga begani kwa kiwiko. "Haya, Mahadhi. Ukinikosea, na mimi ni Mwingereza."

Alicheka peke yake.

Tarehe tano ilifika na mawingu mazito. Tangu alasiri Mahadhi alikuwa ametumwa mjini kufuata barafu na mitungi ya gesi, na foleni ya darajani ikamchelewesha mpaka magharibi ikampita. Aliporudi Mnarani, bustani ilikuwa imejaa. Wageni walikuwa wametoka Watamu, wametoka Malindi, Waingereza wazee kwa watoto. Mama Phoebe, mke wa Bwana Oliver, alikuwa amejizungushia skafu ya sufi shingoni na jasho likimtiririka mpaka kidevuni, kwa sababu, alisema, moto wa Novemba bila skafu si moto wa Novemba. Viazi vilivyofungwa kwa foili vilikuwa vikingoja makaa. Katikati ya yote, rundo la matawi, mbao mbovu na makuti lilisimama juu kuliko mtu.

Mahadhi aliinua macho, na mfuko wa barafu ukamponyoka.

Juu ya kuni, kwenye kiti kilichokatika mkono, mtu wa nyasi alikuwa ameketi, kichwa kimeinama kama bawabu aliyesinzia zamuni. Amevaa kabuti la Mzee Abdulhadi. Limefungwa vifungo vyote.

"Bwana Oliver! Hilo kabuti..."

"Zuri sana, eh?" Mwingereza yule alikuwa amewiva uso kwa furaha. "Nililiona stoo. Watu wa zamani walivaa makoti marefu. Kazi nzuri, Mahadhi!"

"Bwana, silo lile..."

Lakini watoto walikuwa wamekwisha kuanza kuhesabu kwa sauti moja, Bwana Oliver akageuka, akatia mwenge kwenye makuti yaliyomwagiwa mafuta ya taa. Moto ukaitika: vuu! Watu wakapiga makofi. Na katika makofi hayo simu ikatetemeka mfukoni mwa Mahadhi.

"Habibi, uko wapi?"

"Niko kazini. Kuna nini?"

"Niko hapa getini kwenu. Nimemletea mzee mkate wa sinia, bado wa moto. Usigombe! Nitamwamkia tu shikamoo, nirudi zangu. Bodaboda yaningoja."

Mahadhi aligeuka kuutazama moto. Kuni zilikuwa na maji ya mvua ya asubuhi. Upande wa bahari moto ulipanda kwa kasi, upande wa nyumba ulifuka moshi tu. Ndimi zilikuwa bado hazijafika kwenye kiti. Zilikuwa zinakwenda.

"Mahadhi? Wanisikia?"

"Nakusikia."

Ndipo wazo likamjia, limetulia, limekamilika, kama lililokuwa likimsubiri. Asimame tu. Asifanye neno. Baada ya muda mfupi kutakuwa na majivu, na majivu hayana vifungo vya kuulizwa. Aende getini atabasamu, aseme mzee amechukuliwa na jamaa zake, ameondoka na kabuti lake, amekuachia salamu. Ilham atasikitika kidogo. Ijumaa watu watakuja, fatiha itasomwa. Hakuna atakayejua mpaka kiama.

Aliona kiraka kwenye kiwiko kikiangaza kwa mwanga wa moto. Mtu alikishona kile kwa sindano, nyuzi zake zikionekana.

"Nisubiri hapo hapo," alisema, akatia simu mfukoni, akakimbia.

Alipanda upande wa moshi. Mbao zilimkatikia miguuni, msumari ukamrarua suruali, macho yakajaa machozi ya kuwasha. Nyuma yake Wazungu walishangilia, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mtoto mmoja alipiga mluzi. Alipomfikia mtu wa nyasi alimkuta amefungwa kitini kwa waya. Akavuta, waya ukakataa. Mkono wa kushoto wa kabuti ulikuwa umeanza kuungua kwenye pindo. Mahadhi aliukamata kwa kiganja kitupu akaufinya mpaka ukazimika, na ukelele uliomtoka ndio uliowanyamazisha wageni.

"Mahadhi!" Bwana Oliver alipiga kelele. "Una wazimu? Shuka! Shuka, utakufa!"

Hakushuka bila mzigo. Aling'oa kiti na aliyekikalia, wakaporomoka wote pamoja, cheche zikiruka, mpaka kwenye nyasi zilizolowa. Mama Phoebe alikuja mbio akimmwagia maji ya barafu. Mahadhi aliinuka, akakimbilia stoo akarudi na koleo la jenereta, akamkata mtu wa nyasi waya, akamtupia begani.

"Nisamehe, Bwana. Hili si langu, na si lako. Kesho nitakueleza, na ukinifukuza utakuwa na haki."

Akashika njia ya getini. Nyuma yake kuni zilikuwa zikipasuka.

Ilham alikuwa amesimama chini ya taa, sinia limefunikwa kwa kitambaa, amevaa lile dera la manjano. Tabasamu lake lilianza, kisha likasimama njiani. Aliona masizi. Aliona suruali iliyoraruka, naye hajapata kumwona Mahadhi hata na kola iliyopinda. Kisha akaona kile kilichokuwa begani, miguu ya nyasi ikining'inia.

"Huyu ndiye mzee," Mahadhi alisema.

Akamweka chini, akamsimamisha ukutani. Kichwa cha gunia kililala upande mmoja.

"Hakuna mwingine. Hakupata kuweko. Nguo zilikuwa za huyu, wamchome, ndiyo sherehe yao. Siku ile nilikuonea haya, na yule Kavumbi akicheka, nikasema uongo. Kisha uongo ukanizidi nguvu."

Fataki ya kwanza ilipasuka juu yao, nyekundu. Ilham hakuinua hata macho. Aliweka sinia chini, akapiga magoti, akaanza kufungua vifungo kimoja kimoja. Alipofika kwenye pindo lililoungua vidole vyake vilisita.

"Nimekuwa nikimwambia mama," alisema polepole. "Kila usiku. Mzee kalala nalo, mzee kaswali nalo. Mama akisema alhamdulillahi. Wajua ulilolifanya?"

"Najua."

"Hujui! Sadaka ya maiti, Mahadhi! Umeitia stoo!" Sasa alikuwa amesimama, kabuti amelikumbatia kifuani, na machozi yalikuwa ya hasira kuliko ya huzuni. "Ningekuja kesho ungeniambia nini? Ungemwua mzee? Ungenitia matanga ya mtu wa nyasi?"

"Niliwaza hivyo. Dakika hii hii nilipokuwa nasema nawe. Ningeliacha liungue, usingejua."

"Basi mbona hukuliacha?"

"Ningekuoa vipi nimemchoma baba yako?"

Kule bustanini wageni walianza kuzungumza tena, kwa sauti za chini.

"Nani kakwambia nimekubali kuolewa?"

"Hakuna."

"Kiburi chako hicho! Kuvaa, kupiga pasi, moyo wako umekunjamana kama nguo za robota." Akafuta uso kwa ukingo wa mtandio. "Nyoosha mkono."

Akaunyoosha. Kiganja kilikuwa chekundu, malengelenge yameanza kuvimba.

"Tia maji baridi. Usije ukapaka dawa ya meno kama wajinga." Aliuachia mkono ghafla, kana kwamba amekumbuka. "Ijumaa watu wako wasije."

Mahadhi aliinamisha kichwa. "Sawa."

"Utakuja wewe. Peke yako. Utakaa mbele ya mama, utamweleza kwa mdomo wako, tangu Kavumbi mpaka hapa. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

"Atanifukuza, Ilham."

"Atakufukuza." Alikuwa ameshapanda bodaboda, kabuti mapajani, amelishika kwa mikono yote miwili. "Urudi Jumamosi."