Uzi Uliorudishwa kwa Phayom

"Ondoa huo uzi mbele ya macho yangu, Lamyai."

"Dada, ni uzi tu."

"Kama ni uzi tu, kashonee vifungo."

Dada yangu Phayom alikuwa amebaki mifupa na macho, lakini ulimi wake ulikuwa bado mzima. Mkono wa kushoto alikuwa ameuficha chini ya shuka kama mtoto aliyeiba sukari. Ndugu zetu walikuwa wamekuja kutoka kijijini, wameketi mkekani kuzunguka sinia la maua, mayai ya kuchemsha na wali wa kunata. Kwetu Isan, kaskazini mashariki mwa nchi ya Watai, mgonjwa akifikia hapo, tunaiita roho yake irudi nyumbani, kisha kila mtu anamfunga uzi mweupe kwenye kifundo cha mkono ili roho isitangetange tena. Hospitali walikuwa wameshatuambia tumrudishe nyumbani. Kilichobaki ni uzi, naye hautaki.

"Mwaka Mpya hutaki. Mama alipokufa hukutaka. Na leo pia?" nilimwuliza. "Unataka uondoke mikono mitupu, roho yako izunguke barabarani kama mbwa?"

"Iache izunguke."

"Niambie basi sababu!"

Akauvuta ule mkono ndani zaidi chini ya shuka.

"Nilimfunga mtu uzi mara moja tu, Lamyai. Ukarudi."

"Ulirudije?"

Akageukia ukuta. Nilijua anamsema nani. Nilikuwa mtoto mdogo wakati ule, lakini namkumbuka kijana mmoja mrefu wa kambi ya ndege, aitwaye Leland. Alikuwa akininyanyua hadi naligusa dari la nyumba yetu. Halafu siku moja hakuja. Dada akaacha kazi ya udobi, akarudi kijijini, na hakuna mwanamume aliyewahi kusogea mlangoni kwake bila kufukuzwa.

Nilimwachia mwanangu Oy amwangalie, nikaenda kufungua duka langu la tambi. Ilinibidi. Wazee wa kambi walikuwa wamefika.

Kila msimu wa baridi wanakuja, wale Wamarekani waliofanya kazi kwenye uwanja wa ndege za kivita hapa Udon wakati wa vita, wakiwa vijana. Wanakaa dukani kwangu, karibu na lango la zamani, wanakula, wanasimuliana mambo yale yale na kucheka pale pale. Kuna Tuttle, mwenye tumbo na kelele. Kuna Ames, aliyeoa hapa hapa na anaishi nyuma ya soko. Mwaka huu walikuja na mwenzao mgeni, mzee mrefu aliyepinda mgongo, waliyemwita Pruitt. Wote wanaitana kwa majina ya ukoo, yale yaliyokuwa yameshonwa kifuani mwa sare zao. Huyu Pruitt hakuwa msemaji. Kila asubuhi alizunguka mtaa wa madobi wa zamani, akirudi viatu vimejaa vumbi.

"Mama Lam, leo umetuchelewesha!" Tuttle alipiga kelele. "Ames alitaka kula kitambaa cha meza."

"Kile chenu cha jana bado hakijaoshwa," nilimjibu. "Kina mchuzi wa kutosha."

Wakacheka. Nikaingia jikoni, machozi yananitoka juu ya sufuria.

"Ames, unakumbuka ile baiskeli ya magurudumu matatu?" Tuttle aliendelea. "Tulimkalisha dereva nyuma kama abiria, wewe ukaendesha."

"Nikamtumbukiza mtaroni. Yule mzee alinitukana kwa Kilao, Kitai na Kiingereza."

"Na kesho yake akaja kutuchukua langoni kama kawaida!"

"Na yule mwimbaji wa baa ya kona? Ndege zikianza kuruka, anaukata wimbo katikati ya mstari. Anangoja mngurumo upite, kisha anaendelea pale pale alipoachia."

"Sijui aliko sasa," Tuttle alisema.

"Hatujui aliko yeyote," Pruitt alisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema maneno matatu mfululizo.

Simu ikatetemeka ndani ya aproni yangu. Ujumbe wa Oy: "Mama, mama mkubwa amekataa hata maji. Anauliza kama umeshafika."

Nikaandika: "Mwambie nakuja. Mloweshe midomo."

Nilipotoka na bakuli, Tuttle alikuwa anampiga Pruitt begani.

"Wewe usijifanye mtakatifu. Mnakumbuka alivyokuwa na kile kiuzi mkononi? Kimekuwa cheusi kwa grisi, hataki kukivua hata akioga!"

"Kilipotea," Pruitt alisema. "Niliamka baada ya zamu, sikukiona."

"Kilipotea wapi! Nilikikata mimi."

Pruitt akaweka kijiko chini.

"Umesema nini?"

"Msimamizi wa injini alikuwa ameshakasirika. Hakuna pete, hakuna saa, hakuna uzi karibu na injini. Umesahau yule aliyeng'olewa kidole na pete yake? Ulikuwa umelala kama gogo. Nikachukua koleo la kukatia nyaya, nikakikata. Nimekuokolea kidole, hata asante sijapata!"

"Ukakitupa wapi?"

"Kutupa? Mimi si mshenzi. Niliona ni kitu cha yule binti, pengine cha dini yao. Nikakikunja kwenye leso safi, nikampelekea mwenyewe kule kwenye udobi. Nikampa kwa mikono miwili, kwa adabu, kama wanavyofanya wao."

Hakuna aliyecheka. Uso wa Pruitt ulikuwa mweupe kuliko bakuli nililoshika.

"Tuttle," alisema polepole, "aliponifunga ule uzi aliniambia, 'Siku ukinichoka, usiseme neno. Niletee huu uzi tu, nitaelewa.'"

Tuttle akalisukuma bakuli lake mbali.

"Nilikwenda kwao jioni ya siku ile uzi ulipopotea," Pruitt aliendelea. "Mama yake alisimama mlangoni na ufagio. Akaniambia ameondoka, amekwenda Nong Khai kuolewa. Nikasema sawa, amepata mtu wake. Nikaondoka. Maisha yangu yote nimedhani yeye ndiye aliyenichoka."

"Huyo binti aliitwa nani?" niliuliza.

"Phayom."

Bakuli likaniponyoka. Mchuzi ukatapakaa sakafuni hadi kwenye viatu vyao.

"Wewe ni Leland?"

Akanitazama kama anayesikia mtu akimwita kutoka mbali.

"Yeye ndiye aliyekuwa akiniita hivyo. Alisema jina la kifuani ni la jeshi." Akanyanyuka taratibu, akishikilia meza. "Mama Lam, wewe ni nani?"

"Ni yule mtoto uliyekuwa ukimgusisha dari."

Simu ikalia. Oy alikuwa analia.

"Mama, uko wapi? Anapumua vibaya. Njoo, mama, njoo sasa hivi!"

Nilimgeukia Tuttle. Najua alikuwa mzee, najua alikuwa mgeni wangu, lakini nilimshika shati.

"Ulimkata uzi kwa chuma! Uzi haukatwi! Unafunguliwa kwa vidole au unaachwa uoze wenyewe! Ukampelekea mkononi kabisa! Bora ungemchoma kisu!"

"Sikujua," alisema. "Mungu wangu, nilidhani namtendea wema."

"Gombaneni garini," Ames alisema, funguo ziko mkononi. "Mama Lam, panda."

Njia nzima Leland alikuwa anasugua kifundo cha mkono wake.

Nyumbani ndugu walikuwa bado mkekani, maua yameanza kunyauka kwa joto. Niliingia kwanza, nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Dada. Yuko mtu mlangoni. Ni Leland."

Macho yake yalifunguka. Akamtazama yule mzee aliyeinama ili asigonge kichwa mlangoni. Nilingoja alie. Hakulia.

"Mwambie atoke."

"Dada, hujui kilichotokea..."

"Najua. Mambo yangu niliyajua mwenyewe. Amekuja kuona nimezeekaje?"

Leland alimwelewa. Akajibu kwa Kiisan cha kuokoteza, kile cha zamani alichofundishwa kwenye kamba za kuanikia nguo:

"Mimi mzee zaidi."

"Toka," dada alisema, na pumzi ikamkwama. Oy akamnyanyua kichwa. Niliona kucha zake zimekuwa na rangi ya buluu. Nikasema moyoni, basi, tumechelewa, atakufa na lile neno mdomoni.

Ndipo Tuttle alipojisukuma ndani. Akapiga magoti, magoti yakalia kama kuni kavu.

"Mama Lam, mfasirie. Neno kwa neno. Usinipunguzie."

Nikamfasiria. Koleo, usingizi, msimamizi wa injini, leso. Kwamba Leland hakumtuma. Kwamba Leland hakujua mpaka leo, juu ya bakuli la tambi. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akimkazia macho.

"Huyu ndiye aliyeniletea?" akaniuliza. "Alikuwa mwembamba."

"Ndiye."

"Alitabasamu siku ile. Nililichukia lile tabasamu kuliko uzi wenyewe."

Nikamwambia Tuttle. Akafunika uso kwa viganja vyake vinene, akalia kwa sauti mbele za watu, jambo ambalo sisi hatulifanyi, na hakuna aliyemcheka.

Dada akamgeukia Leland.

"Na wewe? Kwa nini hukuja mwenyewe kuniuliza?"

"Nilikuja. Mama yako, ufagio. Akasema Nong Khai. Akasema umeolewa."

Mama yetu alishakufa zamani, picha yake iko ukutani, na wote tulijikuta tunaitazama.

"Nilikuwa nyuma ya nyumba," Phayom alisema. "Kwenye kamba za kuanikia. Nilijifunika shuka lililolowa ili mama asinisikie nikilia. Ulikuwa mbali nami kama kutoka hapa hadi jikoni."

Sikuweza kufasiri. Nilianza mara mbili. Oy ndiye aliyemalizia.

Leland aliketi sakafuni, akaegemeza paji la uso kwenye ukingo wa kitanda. Dada akamtazama kisogo kile chenye mvi chache. Kisha akautoa mkono wa kushoto chini ya shuka, akauweka juu ya kitanda, kiganja kikitazama juu.

"Lamyai. Ule uzi wa vifungo uko wapi?"

Nilimpa Leland. Uzi ukamwanguka. Akajaribu tena. Mwishowe hakufunga fundo kama letu. Aliusokota, mzunguko juu ya mzunguko, jinsi alivyozoea kusokota nyaya za injini zisilegee angani. Kwa desturi yetu, anayefunga akifunga, wengine wote wanashika mkono au bega la mgonjwa ili baraka ipite kwa wote. Ndugu wakasogea. Tuttle akabaki nyuma, karibu na mlango.

"Na yule mnene," dada alisema. "Ashike kiwiko."

Tuttle akaja kwa magoti, akakishika kiwiko kile kwa ncha za vidole, kama anashika yai.

Leland alipomaliza, ncha za uzi zilikuwa ndefu. Akaangaza, akauona mkasi wa Oy juu ya meza, akaunyooshea mkono.

"Weka huo!" Phayom alisema, na akacheka. Kicheko chake kilikuwa kikavu na kifupi, lakini nilikuwa sijakisikia tangu nikiwa mtoto. "Hawa watu hawafundishiki."

Kisha akataka uzi wa pili. Vidole vyake havikuwa na nguvu, nikaviongoza kwa vyangu, tukamfunga Leland pamoja.

"Zamani nilikuambia uniletee ukinichoka," alimwambia. "Safari hii usilete. Mimi ndiye ninayetangulia."

Ndugu wote wakamfunga wakati huo, mmoja baada ya mwingine, hadi mkono ukawa mweupe kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko. Akala wali kidogo. Leland alikaa naye siku zilizobaki, mchana anampepea, wakisemeshana kwa maneno ya watoto, yale machache waliyokuwa nayo. Sijui walisema nini. Siku moja niliwakuta wanabishana kuhusu shati moja la zamani, nani aliliunguza kwa pasi.

Dada alikufa asubuhi, Oy akiwa anafungua madirisha.

Wakati wa kumwandaa, mzee mmoja alileta mkasi ili avue nyuzi kabla ya kumvisha. Kabla sijainuka, Tuttle alikuwa ameshasimama kati yake na mkono wa dada yangu, mikono nyuma, kama askari wa lango. Sisi maiti tunawachoma, na dada aliingia motoni na nyuzi zake zote.

Tuttle na wengine waliporudi kwao, Leland alibaki. Alipanga chumba karibu na soko. Kila mchana anakuja dukani, anakaa meza ya ukutani, nami naweka bakuli mbele yake bila kumwuliza. Uzi wake ulikuwa umegeuka rangi ya udongo. Akinawa aliunyanyua mkono ule juu ya maji.

Mvua za kwanza zilipoanza, alikuja amelowa, hakuketi. Alisimama mlangoni pa jikoni, ngumi imefumbwa. Akaifumbua. Uzi ulikuwa kiganjani, umelika katikati, umekwisha.

"Umekatika wenyewe, Lamyai," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba asikilizwe. "Nilikuwa nimelala. Nimeamka nimeukuta kwenye shuka. Sikuugusa. Nakuapia sikuugusa."

Nilizima jiko. Nikaifunga ngumi yake kwa mikono yangu miwili, uzi ukiwa ndani.

"Najua, shemeji," nilimwambia. "Najua. Kaa ule."