Kiti Nyuma ya Nyumba

Seremala alifika sokoni jua likiwa la utosi, watu wanapigana vikumbo, na simu yake imezima kabisa. Nyuma ya meza ndefu ya vioo alikaa fundi simu, mwanamke wa blauzi ya manjano na hereni kubwa, bisibisi mkononi. Akaifungua simu, akaipuliza, vumbi la mbao likamrukia usoni.

"Kaka, hii ni simu au karakana?"

"Nisamehe, dada. Kazi yangu ndiyo hiyo."

"Basi wewe ni Bwana Vumbi. Rudi saa kumi."

Alirudi saa tisa. Kesho yake akarudi tena, ingawa simu ilikuwa nzima kabisa.

Wiki ya tatu, jioni ya kufunga duka, fundi alitoka nyuma ya meza akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akijisukuma mwenyewe. Seremala alishtuka kidogo, na mwanamke akamwona.

"Niko hivi tangu utotoni. Kama unakimbia, kimbia sasa kabla sijakuzoea."

"Nikimbilie wapi, na moyo nimeshauacha hapa?"

Hakusema uongo. Alimpenda kweli kweli, lakini alikuwa mwoga, tena mwoga wa mama yake mzazi. Picha ya mwanamke aliyomtumia mama ilipigwa pale mezani, kuanzia kiunoni kwenda juu.

"Mpenzi, nyumbani kwenu kuna ngazi?" mwanamke alimuuliza kwenye simu.

"Tatu tu."

"Na wewe si seremala? Niwekee mteremko wa mbao, niingie mwenyewe kama mgeni yeyote."

"Nitauweka, malkia wangu."

Kila siku ikawa kesho. Mbao alikuwa nazo tele. Lakini mama angeuliza mteremko ni wa nani, na yeye angelazimika kujibu.

Jumapili ya utambulisho ikafika, mama yuko jikoni. Seremala alimnyanyua mchumba wake bila hata kumuuliza, akamkalisha kwenye kochi, akamfunika miguu kwa shuka, kisha akakisukuma kiti nyuma ya nyumba.

"Ni kwa muda tu," alinong'ona.

Mwanamke alitazama magoti yake. Gauni la zambarau aliloshonesha kwa ajili ya siku hiyo lilikuwa nusu chini ya shuka.

Mama aliingia akifuta mikono, meno yote nje. "Karibu, mwanangu! Kumbe picha ilikupunja! Hebu njoo jikoni tupige soga, huyu tumwache na njaa yake."

Seremala akatazama sakafu.

"Ningekuja, mama," mwanamke alisema taratibu. "Lakini kiti changu mwanao amekificha nyuma ya nyumba."

Mama alimgeukia mwanawe. "Ulidhani mimi ni mtu wa namna gani?"

Akatoka, akakileta kiti mwenyewe, akakifuta magurudumu kwa upindo wa nguo yake. Chakula hakikulika siku ile. Mgeni aliondoka kwa teksi, na simu za seremala hazikupokelewa tena.

Alijuta mpaka akakonda. Ndipo akajenga mteremko kando ya ngazi, akaupiga msasa siku nne, kazi ambayo angeimaliza kwa asubuhi moja.

Alipoumaliza alimtumia mwanamke picha ya mteremko, na Jumapili iliyofuata akaja. Alipanda mwenyewe, polepole, hadi mlangoni.

"Umejenga vizuri, Bwana Vumbi."

"Nisamehe. Nataka nikuoe, mbele ya watu wote."

"Nimeshakusamehe. Ila kila tukifika mahali penye watu, nitakuwa nakuchungulia kama unatafuta pa kunificha. Siwezi kuishi hivyo, mpenzi." Neno la mwisho lilimtoka kwa mazoea, na macho yake yakalowa.

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Mama yako aliniita jikoni. Siku ile sikufika."

Akampita, akaingia ndani. Seremala aliketi kwenye zile ngazi tatu, akasikia sufuria zikigongana, kisha wanawake wawili wakicheka. Alitamani kuingia, ila hakuna aliyemwita.